Je, ninyamaze kama Arvo Pärt? Jibu kwa mwalimu wa kwaya

"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kwaya ya parokia na nimetunga nyimbo nyingi, nyingine zinaimbwa hata nje ya jimbo letu. Tangu mama afariki mwaka juzi sijamaliza wimbo hata mmoja. Naanza vizuri, nikifika kwenye kiitikio nakwama, nachana karatasi. Majuzi kijana mmoja wa besi alinisikilizisha kwenye simu Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt, nikatokwa machozi mbele ya wanakwaya. Nimesoma kwamba mtunzi huyo alinyamaza miaka minane, kisha akarudi na muziki mpya kabisa. Mpiga kinanda wetu anasema ule si utunzi, ni nota tatu tatu ambazo hata mwanafunzi anazipiga, kinachouza ni jina. Je, ni kweli? Na mimi niache kutunga kwanza mpaka kipaji kirudi chenyewe? Kwaya yetu inasoma sol-fa tu, yaani do-re-mi za herufi. Je, tunaweza kuimba muziki wa namna ile?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Umeuliza mambo matatu, na nitaanza na hilo la kunyamaza, kwa sababu ndilo unaloweza kulitekeleza kesho asubuhi na likakuumiza. Naona umeisikia hadithi ya Pärt kama inavyosimuliwa mara nyingi: mtu mtakatifu anakaa kimya miaka minane, siku moja muziki unamshukia. Haikuwa hivyo. Ukiuiga ukimya huo wa kwenye hadithi, utabaki na ukimya tu.

Pärt alizaliwa tarehe 11 Septemba 1935 mjini Paide, Estonia, akakulia mji wa Rakvere. Nyumbani kwao kulikuwa na piano kuukuu ambayo nota zake za katikati zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo mtoto alizoea kuchezea za juu kabisa na za chini kabisa. Alisoma utunzi Tallinn kwa Heino Eller, akahitimu mwaka 1963, na wakati huohuo alikuwa ameajiriwa kama fundi wa sauti katika Redio ya Estonia. Nchi yao ilikuwa chini ya Usovieti, na muziki ulikuwa na wenye kuusimamia. Mwaka 1960 alipotoa Nekrolog, kazi ya okestra inayotumia nota zote kumi na mbili za kinanda kwa mpango usioruhusu hata moja kuwa nyumbani, wakubwa wa muziki wa Moscow walimkemea hadharani. Hakuacha. Kwa miaka kadhaa alizidi kuandika muziki mgumu, wa kelele, wa vipande vinavyogongana.

Kisha ikaja Credo, iliyopigwa Tallinn tarehe 16 Novemba 1968 chini ya uongozi wa Neeme Järvi. Kazi hii nakuomba uitafute, hata kama haitakufurahisha, maana bila kuisikia huwezi kuelewa kilichofuata. Inatumia kwaya, piano na okestra. Inaanza kwa kumkiri Yesu Kristo kwa Kilatini, ikijengwa juu ya Preludio ya C meja ya Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, ambayo kila anayejifunza piano hupitia. Yanapokuja maneno "jicho kwa jicho, jino kwa jino", zile nota kumi na mbili zinaingia moja moja, zinaongezeka, mpaka kila mtu jukwaani anapiga na kupaza sauti bila utaratibu. Halafu yanaletwa maneno ya Kristo ya kutoshindana na mwovu, fujo inakatika, na Bach anarudi, polepole, juu, karibu hasikiki. Watawala hawakuudhika na nota. Kilichowaudhi ni mtu kusimama katika ukumbi wa Kisovieti na kumkiri Kristo. Kazi hiyo ilizuiwa kwa miaka mingi.

Lakini naamini jambo zito zaidi lilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Alikuwa ameweka mitindo miwili mbele ya masikio yake, fujo yake na utulivu wa Bach, akagundua kwamba sehemu iliyo hai si yake, ni ya kuazima. Mtunzi akishalijua hilo hawezi kuendelea kama jana. Huo ndio mwanzo wa ule unaoitwa ukimya.

Sasa tazama alichofanya kati ya 1968 na 1976. Aliandika Simfonia ya Tatu mwaka 1971. Aliandika muziki wa filamu, kwa sababu familia ilihitaji kula. Alijifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza: nyimbo za Kigregori, muziki wa kanisa la Notre-Dame la Paris wa karne za kati, mafundi wa sauti nyingi wa karne ya 15 na 16. Alijaza daftari kwa daftari. Zoezi lake moja lilikuwa hivi: anasoma zaburi, anaiweka kando, anaandika mstari mmoja tu wa sauti, bila nota za kuambatana wala sauti ya pili, kisha anageukia zaburi inayofuata. Maelfu ya kurasa. Mwaka 1972 alimwoa Nora, na mwaka huohuo akaingia katika Kanisa la Kiorthodoksi. Hakuwa mmonaki pangoni. Alikuwa mume, mwenye kipato cha shida, aliyekaa mezani kila siku akiandika vitu ambavyo hakutarajia mtu avisikie.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usiache kutunga. Acha kutunga *nyimbo*, kama unaona kila wimbo unakuumiza. Acha kuwa na deni la Pasaka na deni la sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Waimbe nyimbo za zamani mwaka huu, hakuna atakayedhurika. Mkono wenyewe usiuache ulale. Chukua zaburi ya siku, isome kwa sauti, iweke kando, andika mstari mmoja wa sol-fa kwa dakika kumi au kumi na tano. Usiuwekee sauti ya pili. Usirudi kuusahihisha. Kesho zaburi nyingine. Unasema unakwama kwenye kiitikio. Zoezi hili halina kiitikio, na ndiyo maana nimelichagua.

Nije kwa mpiga kinanda wenu. Kuna kitu kimoja amekisikia sawasawa: nota ni chache na vidole vya mwanafunzi vinazimudu. Alichokosea ni kudhani kwamba ugumu wa utunzi hupimwa kwa ugumu wa kupiga. Spiegel im Spiegel ni ya mwaka 1978, ya piano na fidla, na jina lake ni "kioo ndani ya kioo". Mwambie aiandike kwa sol-fa aone (d, r, m, f, s, l, t ni do, re, mi, fa, so, la, ti; ₁ ni nota ya oktava ya chini). Piano inapanda nota tatu tatu bila kukoma. Fidla inaanza na nota mbili: r – m. Kisha kioo chake: f – m. Halafu nota inaongezeka moja: d – r – m, na kioo chake s – f – m. Tena moja: t₁ – d – r – m, na l – s – f – m. Inaendelea hivyo kwa takriban dakika kumi. Kila mara inaondoka mbali kidogo zaidi, mara chini, mara juu, na kila mara inarudi kwenye m ileile. Wewe ulitokwa machozi kwa sababu sikio lako la mwalimu wa kwaya lilielewa utaratibu huo kabla kichwa hakijaelewa: ulijua itarudi, ila hukujua safari hii itaenda mbali kiasi gani.

Muziki wa namna hii hauna mahali pa kujificha. Pilau yenye viungo vingi hufunika kosa dogo la mpishi. Ugali hauna pa kulifichia donge. Mpe mpiga kinanda wenu kazi ya kutunga dakika tatu kwa nota tatu na ngazi moja, kanisa zima likae kimya kusikiliza. Nafikiri atarudi na maoni mengine, na sisemi hivyo kwa kumdhihaki. Mimi mwenyewe huwapa wanafunzi wangu zoezi hilo na huwa gumu kwao kuliko fuga, ule utunzi wa sauti zinazofukuzana.

Kuhusu jina kuuza, ni kweli leo Pärt anajulikana sana, ila jina halikutangulia muziki. Alipovumbua mtindo huu alikuwa mtu asiyetakiwa nchini mwake. Januari 1980 yeye, Nora na watoto wao wawili wa kiume waliondoka kwa treni kwenda Vienna, na mwaka uliofuata wakahamia Berlin. Dunia ilimsikia kwa upana mwaka 1984, kampuni ya kurekodi muziki ya ECM ilipotoa santuri ya Tabula rasa, yaani miaka minane baada ya mtindo kuzaliwa. Alirudi kuishi Estonia baadaye sana, na kuna kituo chenye jina lake, kilichofunguliwa kwa umma mwaka 2018 huko Laulasmaa, msituni karibu na bahari, si mbali na Tallinn, kinachotunza daftari zile.

Mtindo wenyewe unaitwa tintinabuli, jina la Kilatini la kengele ndogo. Kazi ya kwanza ni Für Alina ya piano, ya Februari 1976, fupi kabisa, imetolewa kwa binti wa familia rafiki aliyekuwa amehamia Uingereza. Mama yake alibaki, na muziki ule ulikuwa wa kumfariji huyo mama. Kanuni yake unaweza kuifundisha kwenye mazoezi ya Alhamisi. Kuna sauti mbili. Ya kwanza inatembea hatua kwa hatua kwenye ngazi: haina miruko, ni kupanda na kushuka tu. Ya pili hairuhusiwi kutumia nota yoyote isipokuwa tatu za nyumbani. Kama wimbo unatua kwenye la, basi ni l, d na m peke yake. Kila nota ya sauti ya kwanza inapewa mwenzake: nota ya nyumbani iliyo karibu zaidi juu yake, au iliyo karibu zaidi chini, kadiri mtunzi alivyoamua mwanzoni. Akishaamua, habadilishi ovyo. Pärt mwenyewe huieleza ile sauti inayotembea kuwa ni mtu na kuhangaika kwake, na ile ya nota tatu kuwa ni msamaha usioondoka. Nora alifupisha kwa hesabu: moja kujumlisha moja ni moja.

Katika muziki wa kuimba aliongeza kanuni nyingine, na hapa ndipo ningependa ukae vizuri, kwa sababu inatufaa sisi watu wa Kiswahili kuliko unavyofikiri. Katika Missa syllabica ya mwaka 1977, hesabu ya silabi za kila neno ndiyo inayoamua sauti itaondoka mbali kiasi gani. Neno fupi, safari fupi. Mtunzi hachagui nota inayompendeza, neno linamchagulia. Sasa chukua "Bwana, utuhurumie". Tuseme kila neno lishuke mpaka l₁. "Bwana" lina silabi mbili: t₁ – l₁. "Utuhurumie" lina sita: f – m – r – d – t₁ – l₁. Sauti ya pili, kwa kanuni ya nota ya nyumbani iliyo karibu juu, itaimba d – d kwa "Bwana", na l – l – m – m – d – d kwa "utuhurumie". Do iwe F, soprano wachukue ya pili, alto ya kwanza. Waimbe taratibu, bila ngoma, bila kinanda.

Utasikia migongano. Kwenye "hu" r inakutana na m, na kwenye "mi" t₁ inakutana na d, nusu hatua tu. Kwa mazoea yetu ya soprano na alto kutembea kwa theluthi (d na m, r na f), mwalimu angesimamisha kwaya na kuuliza nani amepotea. Usisimamishe. Angalia mgongano mkali umeangukia wapi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno: BWA-na, utuhuru-MI-e. Kwa kanuni hii silabi yenye mkazo inaangukia daima kwenye t₁ dhidi ya d, na silabi ya mwisho inatua nyumbani. Yaani uchungu wote wa neno unakaa pale ambapo ulimi wa Mswahili unakandamiza, kisha unaachiwa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa ajili yetu, lakini ndivyo inavyotokea, na kila nikiwafanyisha wanafunzi zoezi hili huwa wanaomba kurudia. Kwa "Kristo, utuhurumie" geuza: besi wapande kutoka chini hadi l₁, s₁ – l₁, kisha d₁ – r₁ – m₁ – f₁ – s₁ – l₁, huku sauti ya teno juu yao ikiimba zile nota tatu za nyumbani.

Kwa hiyo kwaya ya sol-fa inaweza, na pengine itaelewa upesi kuliko kwaya inayosoma mistari mitano, maana sol-fa inakuonyesha mara moja ipi ni nota ya nyumbani. Ugumu uko kwingine. Muziki huu unadai sauti zisizotetemeka, pumzi ndefu ya kupokezana, na usahihi wa kuoanisha ambao kinanda kimezoea kuwabebea. Waimbaji wenye sauti kubwa wataumia mwanzoni. Jengo pia lina neno: makanisa ambako muziki huu huimbwa Ulaya yana kuta za mawe na mwangwi mrefu unaojaza nafasi kati ya maneno, wakati kanisa letu lenye bati na madirisha wazi humeza sauti papo hapo. Hapo fupisha vituo kidogo, na uimbishe wakati upande wa barabarani umetulia. Na usigeuze Misa nzima kuwa hivi. Waumini wana haki ya kuimba na kupiga makofi. "Bwana utuhurumie" moja ya Kwaresima inatosha kuanzia, na ionyeshe kamati ya liturujia kabla ya kuipeleka altareni.

Kanuni ni ya kila mtu, lakini kazi zenyewe za Pärt zina hakimiliki. Ukitaka kuziimba, nunua nota za mchapishaji, Universal Edition. Usiziandike upya kwa sol-fa na kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kama tulivyozoea. Kusikiliza ni bure zaidi. Sikiliza Da pacem Domine ya mwaka 2004, aliyoianza siku mbili baada ya treni za Madrid kulipuliwa, ya sauti nne tu. Na ili usidhani kila kitu chake ni polepole, tafuta Bogoróditse Djévo ya mwaka 1990, aliyoiandikia kwaya ya King's College ya Cambridge: ni Salamu Maria kwa Kislavoni cha kanisa, inakwenda mbio, na ndani ya dakika moja hivi imekwisha.

Kuna moja nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ya mama. Benjamin Britten, mtunzi wa Uingereza, alifariki tarehe 4 Desemba 1976. Pärt alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuutambua usafi wa muziki wa Britten na alitamani wakutane, hawakukutana. Alichoandika ni Cantus, ya nyuzi na kengele moja. Ngazi ya la inashuka, basi: l, kisha l – s, kisha l – s – f, ikiongezeka nota moja kila mara. Inashushwa na makundi matano kwa pamoja, kila kundi likienda nusu ya mwendo wa lililo juu yake, hivi kwamba besi za chini kabisa zinatembea mara kumi na sita polepole kuliko fidla za kwanza. Kila kundi linafika chini kwa wakati wake, na likifika linabaki pale likiwasubiri wengine. Isikilize ukiwa nyumbani, si mazoezini. Usijilazimishe kuandika wimbo wa mama sasa. Ila ukitaka kujaribu, usianzie kwenye kiitikio. Anzia na jina lake, uhesabu silabi zake, uone linakwenda umbali gani.

Sasa yaliyo nje ya karatasi. Kukwama kutunga baada ya msiba ni kawaida na hakuhitaji dawa. Lakini hukuniambia unalala vipi, unakula vipi, na kama bado unafurahia kitu kingine chochote. Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili usingizi umepotea, chakula hakina ladha, huoni maana ya kuamka, au umepata wazo la kujidhuru, hilo si suala la mwalimu wa muziki. Nenda hospitali ukaonane na daktari au mshauri wa afya ya akili. Kama umefikiria kujidhuru, nenda leo, na umchukue mtu wa kukusindikiza. Padri wako anaweza kukusikiliza pia, bila kuchukua nafasi ya daktari.

Kwa upande wa ufundi, mwandiko wangu hauwezi kusikia kwaya yako. Kama kuna uwezekano, mpelekee mwalimu wa muziki karatasi zako ana kwa ana: Chuo Kikuu cha Makumira karibu na Arusha wanafundisha muziki, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo pia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Seminari iliyo jirani nawe huenda ina mtu. Mwombe akusikilize ukiimba mistari ile ya zaburi mwenyewe, kwa sauti yako, kabla hajaiangalia. Na ukishamaliza "Bwana utuhurumie" na kundi dogo la waimbaji wanne au sita, nirekodie kwa simu na unitumie pamoja na picha ya ukurasa, ukiandika juu do yako ni ipi na ni kanuni gani uliyochagua, ya nota ya juu au ya chini.